Semi au mitutu miwili kwa ndege? Wenye ujuzi naomba mwongozo

#1 MfuataKwale

Wakuu, salaam. Nataka shotigani moja tu, geji 12, ya kuwindia ndege kwa leseni. Kazi zake ni mbili. Ya kwanza ni kutembea nyuma ya mbwa kutafuta kwale na kware wanaofumka ghafla miguuni. Ya pili ni kukaa mafichoni alfajiri kando ya maji kusubiri bata. Risasi nyingi zitakuwa na gramu 28 za marisawa (vipira vidogo vya ndani), na za bata gramu 32 hadi 36.

Nimekwama kati ya semi (inayojijazia risasi yenyewe kila ukifyatua) na ya mitutu miwili. Kila ninayemuuliza ananihesabia risasi, tatu dhidi ya mbili, basi. Naomba tofauti zenyewe: nini kinaharibika, nini kinachosha, na nini kinamfanya ndege apone.

#2 FundiMitutu

Mkuu, anza kwa kuzitenga semi zenyewe, maana hazifanani.

Semi ya gesi ina matundu madogo upande wa chini wa mtutu. Marisawa yakishapita hapo, sehemu ya gesi inashuka na kusukuma pistoni, pistoni inasukuma bolti (kipande kinachofunga nyuma ya mtutu) nyuma, ganda linatupwa, risasi nyingine inapanda. Kwa kuwa kazi hiyo inachukua muda kidogo, bega linahisi kusukumwa kuliko kupigwa teke. Ubaya wake ni masizi. Yanajazana kwenye pistoni na kwenye bomba la magazini (linalobeba risasi za akiba), na yakiganda bolti inapungua kasi.

Semi ya inesha (inayoendeshwa na teke lenyewe, si gesi) haina matundu yoyote. Ndani ya bolti kuna springi fupi nene, iko kati ya mwili wa bolti na kichwa chake kinachozunguka. Bunduki ikirudi nyuma, mwili wa bolti unachelewa kufuata, springi inabanwa, kisha inajinyoosha na kuitupa bolti nyuma. Benelli wamejijengea jina kwa mfumo huu. Ni nyepesi, inakaa safi, ila teke linakuja karibu lote. Tena inategemea bunduki yenyewe irudi kwa kasi. Ukiifungia mzigo (kurunzi, kibeba risasi, darubini) au ukiegemeza kitako kwenye kitu kigumu, risasi dhaifu hazitaizungusha. Gramu 28 zenye kasi ya kawaida ni sawa. Gramu 24 ndipo matatizo yanapoanza kwa nyingi.

Kuna na ya tatu, ile ambayo mtutu mzima unarudi ndani, kama Browning Auto-5. Ukikutana nayo imetumika, fungua mkono wa mbele (mbao ya chini ya mtutu) uangalie pete ya chuma ya msuguano imekaa wapi. Kwa risasi nzito pete inakaa mbele ya springi, ikibana kipande cha shaba. Kwa nyepesi inahamishwa nyuma, chini ya springi. Wengi hawajui hili. Wanapiga nzito pete ikiwa kwenye mpangilio wa nyepesi, na mwisho wake ni mbao ya mkono wa mbele kupasuka.

Uzito: fundi wa Uingereza W. W. Greener aliacha kanuni ya 96, yaani bunduki iwe na uzito wa mara 96 wa marisawa inayorusha. Gramu 28 zinadai kama kilo 2.7, gramu 32 kilo 3.07, gramu 36 kilo 3.46. Sasa ona shida yako, mkuu. Kwa kwale wa kutembea unataka ile ya kwanza, na kwa bata unataka ile ya mwisho. Risasi ileile kwenye bunduki ya kilo 2.7 ina nguvu ya teke robo zaidi kuliko kwenye ya kilo 3.4. Hapo ndipo semi ya gesi inapojitetea: inakuruhusu ubebe nyepesi bila bega kulia.

#3 BataMwitu

Nakazia kwa upande wa mafichoni. Semi, tena ya gesi. Umekaa, umejikunja, nguo nzito, matope kila mahali. Kujaza semi unasukuma risasi chini ya tumbo la bunduki bila kuifungua. Ya mitutu miwili lazima uikunje, na kwenye maficho finyu mdomo wa mtutu unaishia kwenye udongo au kwenye goti la mwenzako.

#4 DadaShabaha

BataMwitu, udongo mdomoni mwa mtutu si hoja ya kuitetea semi, ni hoja ya kuitetea mitutu miwili 😀 Ukiikunja na kutoa risasi unatazama ndani, unaona mwanga mpaka upande wa pili, umemaliza. Kwenye semi mpaka ufungue bolti na uchungulie kwa shida, au utoe mtutu. Tope la kidole kimoja linatosha kupasua mdomo.

Kwa kwale, MfuataKwale, faida ya mitutu miwili haiko kwenye risasi mbili. Iko kwenye choki mbili, yaani mbano wa mdomo wa mtutu unaoamua marisawa yatawanyike kiasi gani. Kwale anafumka mita 15 kutoka kwako akikimbia, ukimkosa mara ya kwanza yuko mita 30. Mtutu wa kwanza unaweka mbano wa milimita 0.25, wa pili milimita 0.5 au 0.75. Semi ina mtutu mmoja, choki moja. Utakayochagua asubuhi ndiyo utakayokuwa nayo ndege akifumka, awe karibu au mbali. Kwa takribani mita 18, mbano wa 0.25 unatawanya marisawa kwenye duara la kama sentimita 66. Mbano kamili wa milimita 1 unayakusanya kwenye sentimita 40. Ukimpata kwale kwa mbano huo umbali huo, unaokota manyoya.

Na ile ya vifyatulio viwili ndiyo haraka kuliko zote. Kwa kawaida cha mbele kinafyatua mtutu uliolegea, cha nyuma uliobana. Ndege akifumkia mbali unaanza na cha nyuma, hakuna swichi ya kuchagua mtutu ya kutafuta kwa kidole gumba.

#5 Kimya_Kimya

Swali la mjinga: kifyatulio kimoja kina ubaya gani? Nyingi za mitutu ya kupandana (mmoja juu ya mwingine) zinakuja hivyo.

#6 DadaShabaha

Si swali la mjinga hata kidogo. Kuna vya aina mbili. Cha mekanika kinahamia mtutu wa pili chenyewe kila ukivuta. Cha inesha kinahamishwa na teke la risasi ya kwanza. Fataki (kiwashio cha nyuma ya risasi) ikigoma hakuna teke, kwa hiyo ukivuta tena hakuna kitu mpaka uhamishe swichi. Dukani, ukiwa na risasi bandia za mazoezi kwenye chemba (sehemu ya mtutu inapokaa risasi) zote mbili, vuta mara ya kwanza, achia, vuta tena. Ikilia mara mbili ni mekanika. Isipolia ya pili, gonga kitako kwa kiganja kisha uvute. Ikilia sasa, ni inesha.

Na kwa kuwa fataki imetajwa: risasi ikigoma, hesabu sekunde 30 mdomo ukiwa upande salama ndipo ufungue. Ikitoa mlio hafifu, kama pumzi, usipige ya pili. Toa kila kitu uchungulie mtutu. Kizibo cha plastiki cha ndani ya risasi huwa kimekwama humo.

#7 BataMwitu

Hoja ya choki naikubali kwa kwale. Kwa bata wanaoshuka kwenye vyambo (bata bandia), wa kwanza na wa pili wote wako mita 20 hadi 30, choki moja inatosha. Na ile ya tatu inamalizia aliyejeruhiwa juu ya maji kabla hajazama kwenye matete. Hiyo ndiyo kazi yake, si kumfukuza aliyekwisha kwenda mita 50.

Ila tusipotoshane na yale maneno ya mtaani kwamba "semi inabeba tano". Marekani tangu 1935 ndege wahamao huruhusiwi zaidi ya risasi tatu kwa jumla, na kanuni ya ndege ya Umoja wa Ulaya inakataza magazini ya zaidi ya mbili. Ndiyo maana semi nyingi zinakuja na kijiti cha plastiki au mbao ndani ya magazini. Hakikisha kipo, na usiingie nacho mfukoni ukidhani inatosha. Soma sheria ya leseni yako kabla ya kununua.

#8 MfuataKwale

Asanteni sana. Nimeanza kuelemea mitutu miwili, na huenda nikachukua iliyotumika. FundiMitutu, nikague nini nisiuziwe chuma chakavu?

#9 FundiMitutu

Chukua muda, usimwonee haya muuzaji.

Anza na komeo la juu, ule mpini wa kufungulia bunduki. Bunduki mpya ikifungwa, komeo linakaa kulia kidogo ya mstari wa katikati. Kadiri vifungio vinavyolika linasogea kushoto. Likiwa katikati bado lina maisha, likivuka kushoto uliza kwa nini.

Kisha toa mkono wa mbele, bunduki ikiwa tupu na imefungwa. Shika kitako kwa mkono mmoja, mitutu kwa mwingine, tikisa taratibu juu chini na kando. Usisikie wala kuhisi kitu. Kikilia "tik", mitutu imeachana na uso wa mwili wa bunduki. Kosa la wengi ni kutikisa mkono wa mbele ukiwa umefungwa. Springi yake inabana kila kitu na kukuficha ukweli. Shika pia iliyofungwa uielekeze kwenye mwanga, utazame pale mitutu inapokutana na uso. Ukiona mstari wa mwanga, rudisha. Kuna watu wanapigilia nyundo kwenye pini ya bawaba au kuweka kipande cha bati ili ikaze kwa wiki moja ya mauzo, kwa hiyo angalia alama za patasi eneo hilo.

Toa mitutu yenyewe. Itundike kwa kidole kwenye ndoano yake ya chini, igonge kwa kifundo cha kidole. Inatakiwa ilie kama kengele, mlio mrefu safi. Ikilia kama sufuria iliyopasuka, ujue ubavu wa juu au wa kati (ukanda wa chuma kati ya mitutu) umeachia lehemu mahali fulani, na maji yameingia na kuleta kutu ndani usikoona. Kisha ielekeze dirishani utazame ndani: vivuli vya duara vinatakiwa viwe kamili. Kivuli kilichovunjika ni bonde. Pete nyeusi kuzunguka mtutu ni uvimbe, hiyo iache palepale. Unene wa ukuta mwambie fundi mwenye kipimo apime. Chini ya milimita 0.5 mimi sigusi.

Chemba isome kwenye chapa. Za zamani nyingi ni milimita 65, risasi za leo ni 70 au 76. Urefu unaoandikwa ni wa ganda likiwa limeshafunguka, kwa hiyo risasi ya 70 itaingia kwenye chemba ya 65 bila kelele, kisha ganda likifunguka linaziba koo la mtutu na shinikizo linapanda. Kuingia si ruhusa.

Mwisho, kokisha mitutu yote miwili juu ya risasi bandia, vuta kifyatulio cha kwanza, kisha gonga kitako kwenye zulia au kiganja cha nguvu. Mtambo wa pili usianguke. Ukianguka, siku moja mitutu yote itafyatuka kwa pamoja. Uzito wa kuvuta uwe kama kilo 1.6 hadi 1.8. Zaidi ya hapo unavuruga shabaha, chini sana ya hapo unacheza na miguu ya watu.

#10 Risasi_Ya_Tatu

Mimi niko upande wa semi, ya gesi. Risasi ya kwanza na ya pili safi, ya tatu ganda linabanwa mlangoni likiwa limesimama wima. Siku nyingine inatema vizuri tu. Nimeshasafisha mtutu.

#11 FundiMitutu

Mtutu si mgonjwa hapo. Bolti inarudi nyuma nusu njia, inakutana na ganda kabla halijatoka. Fuata mpangilio huu, usiruke.

Jaribu kwanza risasi nzito kidogo, gramu 32. Tatizo likiisha, bolti inakosa nguvu. Toa mkono wa mbele, toa pistoni, paka kiyeyusha masizi, subiri dakika 15, sugua kwa brashi ya shaba. Matundu ya gesi yazibue kwa kisafisha bomba laini. Usitumie msumari wala drili, ukiyapanua bunduki itajipiga mpaka ijivunje. Kama ni Remington 1100 au ndugu zake, angalia mpira wa duara kwenye bomba la magazini. Ukipasuka, gesi inavuja na bolti inalala. Weka wa akiba kwenye mfuko wa kitako, ni kitu kidogo kama pete ya mtoto.

Ikiendelea, nenda nyuma. Semi nyingi zina springi ya kurudishia bolti ndani ya kitako, kwenye bomba ambalo watu hawalifungui miaka. Mvua inashuka humo, mafuta yanageuka gundi. Vuta bolti nyuma uachie. Ifunge kwa kishindo kimoja. Ikijikokota, fungua kitako. Na mafuta machache, tafadhali. Bolti inahitaji ukungu tu wa mafuta, bomba la magazini na pistoni nyingi zinatakiwa karibu kavu.

Sehemu ya mwisho ni kucha ya kuvutia ganda. Ukiona masizi chini yake au ncha imekuwa butu, badilisha na springi yake. Na ile ya inesha ina ugonjwa wake mwingine: ukiisindikiza bolti polepole ili usiwashtue ndege, kichwa hakizunguki mpaka mwisho, unavuta unasikia "klik" tu. Iachie itoke nyuma kabisa. Kama ulilazimika kuisindikiza, sukuma mpini wake mbele kwa kiganja kuhakikisha.

#12 Kimya_Kimya

Marisawa ya chuma laini kwa bata yanabadilisha hesabu hii?

#13 BataMwitu

Yanaibadilisha sana, hasa kwa anayenunua mitutu miwili ya zamani. Sehemu nyingi risasi za madini ya risasi hazikubaliki tena kwenye maji. Marekani ilizipiga marufuku kwa ndege wa majini nchi nzima mwaka 1991. Chuma hakibonyei, kwa hiyo kwenye choki iliyobana kinasukuma mtutu mpaka uvimbe. Kwa viwango vya CIP (tume ya kimataifa ya kupima usalama wa bunduki), geji 12 ya chuma cha kawaida inaishia shinikizo la bar 740 na cha nguvu bar 1,050. Cha nguvu kinahitaji bunduki yenye chapa ya ua la lili, na marisawa yakizidi milimita 4 choki isizidi milimita 0.5.

Chuma pia ni chepesi: kama gramu 7.8 kwa sentimita ya ujazo, risasi ni 11.3. Panda saizi mbili. Ulikuwa unatumia milimita 2.6, tumia 3.1 hadi 3.3. Na kwa kuwa chuma hakitawanyiki sana, choki ya 0.25 inafanya kazi kama ya 0.5. Mwenye mitutu ya kizamani yenye mbano wa kudumu atumie bismathi, madini yaliyo laini kuliko chuma. Semi za kisasa chemba ya 76 zenye choki za kufungua kwa mkono hazina shida hii, na kwa hapo zinashinda bila ubishi.

#14 DadaShabaha

Nami namkubali BataMwitu kwa hilo. Lakini kabla ya chapa na chemba, ikukae mwilini. Kwa hili semi ina rahisi yake: inakuja na vipande vya kuweka kati ya kitako na mwili, unashusha au kupandisha kwa milimita chache bila fundi. Mitutu miwili mpaka mbao ipashwe moto na kukunjwa au kukatwa.

Kipimo: simama mita 15 kutoka kwenye karatasi kubwa yenye doa, choki iliyobana, inua bunduki na ufyatue bila kulenga kwa makini. Rudia mara 6 hadi 8 kwenye karatasi ileile. Katikati ya wingu ikiwa juu ya doa kwa sentimita 5, kitako kinahitaji kushuka kama milimita 3. Kulia au kushoto hesabu ni ileile. Pia kumbuka semi ya mtutu wa sentimita 71 ni ndefu kuliko ya kupandana yenye mtutu huohuo kwa karibu sentimita 8 hadi 10, kwa sababu ya mwili wa bolti. Kwa anayepenya vichakani zote si sawa. Ukitaka urefu sawa, chukua semi ya sentimita 61 hadi 63.

#15 Kimya_Kimya

Na usalama mkiwa wawili watatu?

#16 FundiMitutu

Iliyokunjwa kila mtu anaiona, hata aliye mita 50. Semi haionekani, kwa hiyo weka bendera ya plastiki kwenye chemba mnapotembea au kuvuka kijito. Kuitoa risasi: usalama umefungwa, fungua bolti toa ya chemba, kisha bonyeza kifungio cha magazini kwa kidole utoe moja moja kutokea chini. Usizipitishe chembani. Ingiza kidole chembani na kwenye magazini. Maganda yake yanaruka kulia mita mbili tatu, basi mwenzako akae kushoto, au kama unatumia mkono wa kushoto tafuta iliyogeuzwa.

Moja ya kufa mtu: usichanganye geji 20 na 12 mfukoni. Ya 20 inateleza ndani ya chemba ya 12 na kukwama kooni mwa mtutu. Unaona chemba tupu, unaweka ya 12 nyuma yake, unavuta. Ndiyo sababu za 20 hutengenezwa za njano.

#17 MfuataKwale

Wakuu nimeelewa. Kwale ndio wengi kwangu, bata ni mara moja moja. Nachukua ya kupandana, chemba 76, choki za kubadilisha, yenye chapa ya lili, kama kilo 3.2. Semi itasubiri. Nianze na choki zipi, na wapi juu wapi chini?

#18 DadaShabaha

Weka 0.25 chini na 0.5 juu, swichi ianze na wa chini. Mtutu wa chini uko karibu na mstari wa bega, mdomo haurukiruki sana, unawahi risasi ya pili. Siku ya bata na chuma weka 0.25 kote kwa kuanzia.

Usiamini maandishi ya choki mpaka uone karatasi. Karatasi ya mita 1.2 kwa 1.2, umbali mita 36.5, piga moja, chora duara la sentimita 76 kuzunguka palipojaa zaidi, hesabu matundu. Gramu 28 za milimita 2.4 zina marisawa takribani 340. Choki ya 0.25 iweke kama nusu, ya 0.5 kama asilimia 60. Fanya karatasi tano kwa kila mtutu kwa kila aina ya risasi, kisha rudia kwa umbali ambao kwale wanapatikana, mita 20, uone matobo makubwa yasiyo na marisawa. Andika mtutu, choki na risasi kwenye kila karatasi kabla hujaibandua, maana zikishalundikwa kwenye gari zote zinafanana.

#19 Risasi_Ya_Tatu

Samahani kuingilia. FundiMitutu, ilikuwa bomba la kitako. Mafuta yamekuwa asali kabisa. Springi ioshwe na nini?

#20 FundiMitutu

Mafuta ya taa na brashi, ikauke kabisa, kisha upanguse kwa kitambaa chenye tone moja la mafuta ya bunduki. Bomba lenyewe piga kitambaa kikavu mpaka kitoke cheupe. Chini yake kuna tundu dogo la kutolea maji, lizibue. Huenda lilikuwa limeziba ndiyo maana. Ukirudisha, vaa miwani, hiyo springi ikikuponyoka hutaiona ilikokwenda.